Kabla ya Kulishuku Ziwa, Kagua Ghala

Leo sina maswali matano wala sita. Nina moja tu, na nikilijibu kwa mistari minne nitakuwa nimemdhulumu aliyeuliza. Ni mama kijana wa upande wa Birongo, kule Nyaribari Chache, Kisii. Mtoto wake wa kwanza ana miezi mitatu. Mumewe hulima nyanya na sukuma wiki kwenye kishamba kinachoanzia karibu na mlango wa jikoni, na hupiga dawa kwa bomba la mgongoni. Juzi, kwenye simu, mama huyu akakutana na habari kwamba maziwa ya mama yamepimwa yakakutwa na sumu. Tangu hapo hana raha. Mama mkwe anasema mtoto apewe maziwa ya ng'ombe, kwani hata baba yake alikuzwa hivyo na leo ni mwanamume mzima. Dada yake aliyeko Nairobi naye ameshatuma mkebe wa maziwa ya unga kwa matatu. Swali lake: je, namnywesha mwanangu sumu?

Mdogo wangu, endelea kunyonyesha. Leo, kesho, na usiku wa manane akililia. Uliyoyasoma si uongo, na ndiyo maana sitakuambia uyapuuze. Sumu huweza kuingia kwenye maziwa ya mama, jambo hilo limepimwa likathibitika. Ila yeyote anayekuambia kwamba kwa sababu hiyo umwachishe mtoto ziwa, amesoma nusu ya habari akalala.

Hebu tuanze na habari zenyewe zinakotoka. Wataalamu wanapotaka kujua kemikali zilizojikusanya katika miili ya watu wa nchi fulani, huhitaji mafuta ya mwilini, kwa kuwa sumu nyingi za kudumu hukaa kwenye mafuta. Sasa nani atakubali kukatwa kipande cha paja kwa ajili ya utafiti? Maziwa ya mama yana mafuta, hutoka bila kisu, na mwenyewe huyatoa kwa hiari. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, wamekuwa wakikusanya sampuli za maziwa ya akina mama kutoka nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Kinachochunguzwa pale ni hali ya mazingira ya nchi nzima, na mama ni shahidi tu. Baba wa mtoto angepimwa angekutwa na vitu vilevile, pengine vingi zaidi, kwa sababu yeye hana pa kuvitolea. Lakini sijaona gazeti lililoandika kwamba vitambi vya wanaume vimekutwa na DDT.

Na DDT, ile dawa ya wadudu, ilikuwepo kweli. Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Norwei walichapisha vipimo vya maziwa ya akina mama kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, ndicho kilichoongoza. Loitokitok ilikuwa chini kabisa, na tofauti kati ya sehemu hizo mbili ilizidi mara kumi. Katika miaka hiyohiyo serikali ikazuia DDT isitumike tena mashambani. Ubaya wa dawa ile ni kwamba haichakai: ikiingia kwenye mafuta ya samaki, ya ng'ombe au ya mtu, hukaa miaka. Wazee wenu waliolima pareto wanajua dawa ya tabia tofauti kabisa. Pareto ikipigwa na jua huvunjika, na ikiingia mwilini huvunjwavunjwa upesi ikatoka na mkojo. Laiti dunia ingeridhika na maua yale meupe ya Kisii, mazungumzo haya yangekuwa mafupi zaidi.

Habari njema ni kwamba DDT hupungua ikiachwa kutumika. Huko Uswidi, ambako maziwa ya akina mama wa Stockholm yamepimwa kwa miongo mingi, kiasi chake kilishuka mwaka baada ya mwaka tangu marufuku ya miaka ya 1970. Mazingira yakisafishwa, maziwa nayo husafishika. Kwako wewe nina neno moja tu kuhusu sumu za namna hii: usianze sasa kujikondesha kwa nguvu ili urudie umbo la harusi. Mafuta ya mwili yakiyeyuka kwa haraka hutoa vilivyojificha ndani yake. Mwili upe muda wake.

Hiyo ni Rusinga ya zamani. Ukiniuliza katika nyumba yako Birongo ningehofia nini kwanza, sitataja hata bomba la mumeo. Nitataja gunia la mahindi lililosimama nyuma ya mlango.

Mvua ya kwenu mnaijua wenyewe. Mahindi hukomaa, huvunwa, na mbingu bado haijanyamaza. Kishamba ni kidogo, maana Kisii kuna zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, kwa hiyo hata pa kuanikia ni shida. Mahindi huanikwa kwenye udongo mtupu, mawingu yakitanda hukusanywa mbiombio, jua likichungulia humwagwa tena, na mwisho wa yote huingizwa ghalani yakiwa na unyevu. Ukizidi asilimia 13 hivi, kuvu hupata makao. Aina fulani ya kuvu hutoa sumukuvu, ile ambayo redioni huitwa aflatoksini. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Kule kiwango kilikuwa cha kutisha. Kile kidogo cha kila siku hakiui mtu mezani. Huchosha ini polepole, huongeza hatari ya saratani yake, na watafiti wanakihusisha na watoto kudumaa.

Mama akila sumukuvu, ini lake hugeuza sehemu yake kuwa aina nyingine, na hiyo ndiyo hupita kwenye maziwa. Kwa ng'ombe ni vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima akina mama 143 wa Rombo, Kilimanjaro, ambao chakula chao kikuu ni mahindi kama sisi. Sampuli zote zilikuwa na sumukuvu. Zote! Na tisa kati ya kumi zilipita kiwango ambacho Ulaya imekiweka kwa vyakula vya watoto wachanga.

Najua hapo moyo umekuruka. Tulia, sijamaliza. Katika sumukuvu anayokula mama, inayotokea kwenye maziwa haifiki hata nusu ya asilimia moja. Nayo ile iliyogeuzwa na ini ina nguvu ya kusababisha saratani kama moja ya kumi ya ile ya awali. Mwili wa mama, basi, ni chujio, tena chujio zuri. Sasa mwondoe mama katikati, umpe mtoto uji wa unga uleule moja kwa moja. Benin na Togo watafiti walipima damu ya watoto wadogo wakakuta kwamba walioachishwa ziwa kabisa walikuwa na sumukuvu karibu mara mbili ya wale waliokuwa bado wananyonya. Karibu na kwenu zaidi, Kisumu, utafiti wa mwaka 2004 wa watoto wadogo 242 uliona kwamba waliokonda kupita kiasi ndio hasa waliokuwa wakilishwa uji wa unga wenye sumukuvu. Unaona nilipokuwa nakupeleka? Anayemwachisha mtoto ziwa kwa kuogopa sumu ya mahindi, kisha akamkoroga uji wa mahindi yaleyale, amemkimbiza mtoto kutoka mvuani hadi mtoni.

Kwa hiyo hangaika na mahindi. Tafuta turubai, usianike tena kwenye udongo, maana kuvu huishi udongoni. Pesa ambayo dada yako angetoa kwa mikebe miwili inatosha kununua turubai la kufaa, nawe mwambie hivyo bila aibu, akutumie hilo. Kujua kama mahindi yamekauka, usitegemee kuyauma kwa meno. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, jaza mahindi kama theluthi, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, weka ghalani. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.

Kabla ya kusaga, keti na ungo uchambue. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizokunjamana au kubadilika rangi, kwani humo ndimo sumu hurundikana. Kukoboa nako hupunguza sana. Kupika hakusaidii, hata ugali uive mpaka uungue chini. Na hizo punje ulizozitoa usimpe ng'ombe! Nawajua ninyi, hakuna kinachotupwa. Ukimpa ng'ombe, sumu itarudi kwenye chai yako jioni. Usiwape kuku, wala usimpe anayepika busaa. Fukia.

Sasa nimgeukie shemeji yangu mkulima. Dawa nyingi za kisasa za nyanya na mboga hazikai mwilini miaka kama DDT, mwili huzitoa ndani ya siku chache. Hatari yake ni ile ya papo kwa papo, na njia zake ni za nyumbani kabisa: dawa iliyokorogwa kwenye beseni la kuogeshea mtoto, iliyobaki ikahifadhiwa kwenye chupa ya soda kwenye kabati la vyombo, shati lililolowa mgongoni kwa bomba linalovuja likatupwa kwenye nguo za mtoto zinazongoja kufuliwa. Shemeji akitoka shambani anawe na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto, hata kama mtoto anamlilia. Nguo zile zifuliwe peke yake. Wewe unayenyonyesha usishike bomba hilo, na siku ya kupiga dawa mchukue mtoto mkashinde kwa jirani aliye upande usiopelekewa upepo. Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko. Mboga ya kwenu isichumwe kabla hazijaisha, na ile ya kuuza sokoni Keroka pia, kwani anayeinunua huenda naye ananyonyesha.

Kuna sumu nyingine isiyo na harufu ya shamba, nayo ni madini ya risasi. Wengi wenu mnamjua Phyllis Omido wa Mombasa. Mwaka 2009 aliajiriwa katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya mtaa wa Owino Uhuru. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua, homa na kuharisha kusikokoma, akatibiwa hiki na kile, mpaka alipopimwa damu akakutwa na risasi. Mama alikuwa akifanya kazi pale na akimnyonyesha. Omido hakuishia kulia. Aliwakusanya majirani, wakapimwa, wakaandamana, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaifuta hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Nimeisimulia kwa sababu watu huitumia kuwatisha akina mama, ilhali funzo lake ni jingine. Mtaa ule ulikuwa na risasi hewani, kwenye vumbi la sakafuni na kwenye mapaa ya mabati. Kumwachisha mtoto ziwa kusingemwokoa, ilibidi kiwanda kifungwe. Maziwa hubeba sehemu ndogo tu ya risasi iliyomo kwenye damu ya mama, asilimia chache. Ndiyo maana hata Marekani, ambako wanahangaika na mtoto anayefikisha mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, mama haambiwi asimamishe kunyonyesha mpaka damu yake mwenyewe ifike 40. Mtoto akiwa tumboni, kwa upande mwingine, risasi hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi cha maana. Kwa hiyo aliye mjamzito ndiye wa kujihadhari zaidi.

Na hapa nawaita kando ninyi mnaokula mawe. Msijifiche, mawe laini yale yanauzwa kioski kwa kioski. Kilifi, utafiti wa mwaka 1998 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito walikuwa wakila udongo, na walioula walikuwa na upungufu wa damu zaidi kuliko wenzao. Udongo hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, na mawe hayo huweza kuja na risasi na mayai ya minyoo. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu yenyewe imepungua. Nenda kliniki wakupime, wakupe vidonge vya chuma. Sufuria nzito za alumini chakavu iliyoyeyushwa nazo ziangaliwe: zilipopimwa katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, nyingi zilikutwa zikitoa risasi, hasa zikipikiwa vyakula vichachu. Nyanya na ndimu usivilaze humo. Krimu za kung'arisha ngozi, baadhi zina zebaki, sitazizungumzia sana. Mtoto hulaza shavu lake hapohapo ulipopaka.

Tumesema ya sumu, sasa tuseme ya lishe, maana hofu imetusahaulisha kilichomo. Zile siku za kwanza kabisa hutoka dang'a, ya manjano na nzito, imejaa kinga na vitamini A. Wako wanaoikamua na kuimwaga wakidhani ni maziwa yaliyooza, na mimi huumia kila nikisikia. Baadaye yakija maziwa kamili, kila mililita 100 huwa na protini kama gramu moja, mafuta gramu tatu na nusu hadi nne, na sukari ya maziwa gramu saba. Humo pia mna kinga dhidi ya vijidudu vya nyumbani kwenu hasa, kwa sababu mwili wako hukutana navyo kabla ya mtoto, ukatengeneza silaha zake. Mkebe hauijui Birongo.

Wengi huniuliza kama chakula kibaya huharibu maziwa. Inategemea unazungumzia nini. Kiasi cha chuma, kalsiamu na zinki kwenye maziwa hakibadiliki sana ukila vizuri au vibaya. Mwili utakunyang'anya wewe umpe mtoto. Vitamini A, vitamini za kundi B, iodini na aina ya mafuta ndivyo hufuata sahani yako. Mboga kama chinsaga, rinagu na majani ya maboga, zikipikwa na mafuta kidogo au maziwa, hukupa vitamini A. Wazee wenu walipomsisitizia mzazi chinsaga hawakukosea. Omena hukupa yale mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto, pamoja na vitamini B12. Iodini itatoka kwenye chumvi, kwani udongo wa milimani huoshwa na mvua mpaka iodini inakwisha. Rovu lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu wa nyanda za juu kabla ya chumvi ya Kenya kuwekwa iodini. Pakiti ifunike, na chumvi itie chakula kikikaribia kuiva.

Chai nayo. Najua ninawaambia watu wanaoishi kati ya michai. Kunywa, lakini isiwe pamoja na chakula, maana huzuia sehemu kubwa ya chuma cha mboga kisiingie mwilini. Subiri saa moja hivi. Mtoto mchanga asipewe kabisa, hata kijiko, hata ikiwa ya maziwa matupu na sukari kidogo.

Mama mkwe tumheshimu, amelea. Ukimjibu, mjibu kwa upole na ukiwa na hoja. Maziwa ya ng'ombe yana protini zaidi ya mara tatu ya yale ya mama, na chumvichumvi nyingi, na figo za mtoto wa miezi mitatu hazijawa tayari kwa mzigo huo. Huweza pia kukwaruza utumbo wake, damu ikatoka kidogo kidogo bila kuonekana, mtoto akaishiwa nguvu. Ukiyazimua kwa maji umepunguza protini, ndiyo, lakini umepunguza na nguvu ya kumkuza. Tena ng'ombe wenu huenda ndiye aliyekula zile punje mbovu. Baba yake alikua, tunamshukuru Mungu. Waliokuzwa hivyo wakazikwa hawapo leo kutoa ushahidi.

Mkebe, sasa. Sina ugomvi na maziwa ya unga, yameokoa watoto wa akina mama waliofariki wakijifungua, na wa wale wanaotumia dawa kama za saratani zisizoruhusu kunyonyesha. Kama wewe unayesoma ndiye huyo, usijilaumu hata kidogo. Lakini yeyote anayedhani mkebe ni usafi mtupu akumbuke China mwaka 2008, wakati melamini ilipochanganywa kwenye maziwa ili yaonekane yana protini nyingi. Watoto karibu 300,000 waliugua, sita wakafa. Akumbuke pia Michigan, Marekani, mwaka 2022, kiwanda kikubwa cha maziwa ya watoto kilipofungwa baada ya kukutwa na bakteria wa Kronobakta, maduka yakabaki matupu.

Na hata unga ukiwa salama, nusu ya habari ni maji yako. Ukitoa maji ya chemchemi iliyo chini ya vyoo vya jirani watatu, umemkorogea mtoto choo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti ya mbolea na vyoo, wala floridi. Hili la floridi liwafikie ndugu zetu waliohamia Nakuru na Naivasha: maji ya kule yana floridi nyingi inayoharibu meno, lakini kwenye maziwa ya mama haipiti ila kidogo mno. Anayekunywa maziwa ya kukorogwa huinywa yote. Ikibidi kukoroga, Shirika la Afya Duniani linataka maji yaliyochemka na ambayo bado hayajapoa chini ya nyuzi 70, kwa kuwa unga wenyewe huweza kuwa na vijidudu. Huku milimani maji huchemka kabla ya kufika 100, lakini hupita 90, kwa hiyo yanafaa. Koroga, poza chupa kwenye maji baridi, mpe. Kilichobaki baada ya saa mbili mwaga.

Kisha piga hesabu. Mtoto wa kilo sita hunywa mililita 900 hivi kwa siku, ambazo ni gramu 120 za unga. Mkebe wa gramu 400, ambao bei yake hupita shilingi elfu moja, utamaliza siku tatu na kitu. Kwa mwezi ni mikebe tisa. Pesa zikikauka, na zitakauka, mtu huanza kupunguza unga na kuongeza maji, na ziwa nalo limeshakauka kwa kutonyonywa. Hapo ndipo watoto huharibikiwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ilikataza kutangaza maziwa haya na kuwagawia akina mama sampuli za bure kwa sababu hiyo hasa: ukianzishwa kwa cha bure, unabaki mteja kwa lazima. Ule mkebe uliotumwa na dada yako, kama haujafunguliwa, upeleke kituo cha afya uwaulize kama kuna mtoto aliyeandikiwa maziwa hayo na daktari.

Na wewe unayeishi na virusi vya ukimwi na unameza dawa zako bila kuruka, usijitoe kwenye mazungumzo haya. Mwongozo wa Kenya kwako ni uleule: maziwa yako peke yake kwa miezi sita, kisha na vyakula vingine huku ukiendelea kunyonyesha. Kuchanganya kabla ya hapo, leo ziwa kesho uji, ndiko kubaya.

Kwa mama yetu wa Birongo imebaki miezi mitatu kabla ya uji, nayo itapita mbio. Mtoto akifika miezi sita, maziwa peke yake hayatamtosha, hasa kwa chuma alichozaliwa nacho ambacho kitakuwa kimekwisha. Usikimbilie ule unga wa mchanganyiko uliosagwa tayari, wenye mahindi, njugu, soya, mtama na omena ndani ya mfuko mmoja. Njugu na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu, na vikishasagwa huwezi kuchambua. Nunua nafaka zako nzima, wimbi liwe ndilo la msingi kwa kuwa kwa kawaida hushikwa na kuvu kidogo kuliko mahindi. Chambua, osha, anika kwenye turubai, upeleke posho mill mwenyewe ukasimame pale mpaka waifagie mashine ya unga wa aliyekutangulia. Saga kidogo, cha wiki mbili. Omena wasage kando, na yai, ndizi, parachichi na mboga iliyopondwa vifuate uji siku hiyohiyo. Ziwa liendelee mpaka miaka miwili, na ukipata la kuuliza kuhusu uji wenyewe niandikie, maana hiyo ya uji mwepesi kama maji nina maneno nayo.